Nyuki Wana Kitufe

Jumatatu, 3 Machi

Binti ameondoka asubuhi. Siku kumi, kazi ya kampuni yake katika mji mwingine. Ameniachia duka letu la mtandaoni kama mtu anayemwachia mbuzi shamba la mahindi: kwa macho ya huzuni.

Juu ya meza amebandika karatasi. Ninaruhusiwa mambo matatu. Kuandika maelezo ya vitabu. Kuweka picha. Kuwajibu wateja kwa adabu. Neno "adabu" amelipigia mstari. Marufuku ni moja: nisifungue kabisa folda yenye msimbo, yaani zile amri alizoiandikia mashine. Kuna pia bahasha iliyofungwa kwa gundi, ndani yake nenosiri kuu. Kwa dharura tu.

Duka lenyewe ni chumba chetu cha mbele. Vitabu vikuukuu, rafu kumi na moja, ngazi ya mbao inayolalamika ukiipanda. Ng'ambo ya barabara ni kwa Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa fremu za picha. Tovuti ya Shemeji ina picha zinazotembea zenyewe. Moja inatoka, nyingine inaingia, hazichoki. Mtaa mzima unazisifu. Mimi zinanipa kizunguzungu.

Lakini nina silaha moja asiyokuwa nayo. *Kanuni za Ufugaji wa Nyuki*. Kurasa tisini na sita. Nilikipanga kwa mikono yangu, herufi baada ya herufi, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika kiwanda cha chapa cha mji nilikozaliwa. Sijapata kusikia nakala nyingine popote. Tangu mwezi jana kimekaa ukurasa wa mbele wa tovuti, chini yake neno HAKIUZWI. Watu wakione, waumie.

Binti hakupenda. Alisema kitu usichokiuza hukiweki dukani. Mfumo ule unajua kuuza tu. Hata bei ulikataa niiache wazi, ikabidi niandike namba 1. Mwishowe Binti akawatungia Nyuki sheria yao, mistari mitatu. Kama kitabu kina alama ya kutouzwa, andika HAKIUZWI, na uondoe kitufe cha Nunua. Vingine vyote uviache. Alinung'unika muda wote alipokuwa akiandika. Kizazi hiki hakijui maana ya dirisha la duka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua bahasha.

Ilikuwa dharura. Shemeji ameongeza picha ya sita.

Nilitaka tu kukuza picha ya Nyuki ijae kioo. Nikafungua folda. Loo! Lugha ile inaitwa Python, yaani chatu, na kweli inakwenda kama chatu. Mstari wa kwanza umeanzia ukingoni. Wa pili umesogea ndani nafasi nne. Wa tatu nafasi nane. Wa nne umerudi nne. Kana kwamba ulipangwa na mwanagenzi mlevi juu ya mkokoteni. Na aliyeupanga ni mwanangu! Mtoto wa mtu aliyenyoosha pambizo za wenzake miaka arobaini na mmoja, hata mtaani hapa wananiita Pambizo.

Nilianza na mstari mmoja tu, kwa kujaribu. Kufika chakula cha mchana nilikuwa nimenyoosha yote, mia mbili na kumi na miwili. Imesimama wima ukingoni kama ukuta uliopimwa kwa timazi. Binti, ili nisiuogope msimbo, alizipa amri majina ya lugha yetu, kwa hiyo niliweza hata kuusoma wakati ninausafisha. Nimehifadhi. Nimewasha mfumo upya.

Tovuti imefunguka ukurasa mweupe. Mweupe pe. Juu kabisa, mstari mmoja mfupi wa Kiingereza. Pambizo zake, lazima nikiri, safi sana.

Mke wangu amechungulia, akauliza vitabu vimekwenda wapi. Nimemwambia vinapumzika.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Binti simu. Nimemjulia hali kwa kirefu. Nimemuuliza baridi ya huko. Kisha nikamwambia, kama jambo la kupita, kwamba tovuti imechoka kidogo. Akauliza nimegusa nini. Nikasema sijagusa. Akauliza tena, mara hii kwa sauti ya mama yake. Nikasema nimepangusa vumbi.

Akaomba nimsomee ule mstari wa juu. Nikamsomea. Mashine inalalamika kwamba baada ya mstari wa kumi na nne ilitarajia nafasi tupu na haikuikuta. Nikadhani simu imekatika.

Haikuwa imekatika. Alikuwa anahesabu hadi kumi, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo. Kisha akanieleza taratibu. Katika lugha ya chatu, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari si pambo. Mstari uliosogea ndani ni mtoto wa mstari ulio juu yake, na humtii huyo. Ukimtoa nje anakuwa hana mzazi. Anafanya apendavyo kwa kila mtu. Nikamwambia nimefanya kazi na vitabu maisha yangu yote na sijaona kinachosomwa mahali pasipoandikwa. Akasema hiki ndicho cha kwanza, Baba.

Ipo nakala rudufu ya Ijumaa iliyopita. Nibonyeze kitufe kimoja tu kiitwacho Rejesha. Nimeahidi.

Sijabonyeza. Jumamosi niliandika maelezo mapya ya Nyuki, aya tatu, na hiyo ya pili sijapata kuandika kitu kizuri kama hiyo. Nikirejesha ya Ijumaa, inapotea. Nitarudisha nafasi kwa mkono. Nazikumbuka karibu zote. Nisizozikumbuka, jicho la mpangaji herufi litaamua.

Alhamisi, 6 Machi

Imefunguka! Saa tatu na robo asubuhi. Vitabu vyote viko mahali pake, Nyuki kifua mbele. Nimetembea chumbani mikono nyuma.

Saa tano, hakuna oda. Saa saba, hakuna. Si kawaida, Alhamisi huwa hatukosi mbili. Nimeshuku Shemeji. Mtu mwenye picha sita zinazotembea hashindwi kuteka wateja wa jirani.

Saa tisa amepiga simu mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku zote, aliyewahi kununua riwaya, akaimaliza, na kuirudisha akidai ilikuwa na harufu. Anataka ile atlasi. Anaiona, anaitamani, lakini hakuna pa kubonyeza. Nimemwambia avae miwani. Amesema ameivaa.

Nikaangalia. Kweli. Vitabu mia nne na ushei, hakuna hata kimoja chenye kitufe cha Nunua.

Kabla sijameza mate, Shemeji huyo mlangoni, kijiti mdomoni.

"Shemeji, siku hizi umefungua makumbusho? Tunatazama tu, hatununui?"

Nimemwambia ni ukarabati. Amesema ukarabati wa kwake hufanywa na mafundi.

Nimechunguza hadi nimegundua. Ule mstari wa "ondoa kitufe" nilikuwa nimeuacha ukingoni, sambamba na "kama", kwa sababu hapo ulipendeza. Ukakosa mzazi. Sasa unaondoa vitufe vya kila kitabu, bila kuuliza hiki kinauzwa ama hakiuzwi.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa imepatikana, tena ya neno moja. Mtu mwingine angesogeza mstari nafasi nne ndani, akaharibu pambizo. Mimi nimeuacha pale pale ulipo, nikafuta "ondoa", nikaandika "weka". Weka kitufe! Vimerudi vyote. Vyote! Mwalimu amepata atlasi yake, ila ameandika kwamba angependa kujua ina harufu gani.

Wakati wa chakula mke wangu akasema, huku akipakua, kwamba ameitazama tovuti kwenye simu yake.

"Nyuki wana kitufe," akasema.

Nimemweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Chini ya Nyuki pameandikwa HAKIUZWI, kwa herufi kubwa, nilizichagua mwenyewe. Akasema ndiyo, na chini ya hizo herufi kubwa kuna kitufe cha Nunua. Nikamwambia hicho kitakuwa kivuli. Simu yake ni ya zamani, hukumbuka kurasa zilizopita. Akasema simu yake haijawahi kukumbuka hata namba za ndugu zake, itakumbukaje kivuli. Nikamwambia mambo ya chatu yanataka mtu aliyekaa nayo.

Akaniongezea mchuzi. Baadaye alijifunga khanga, akasema anavuka kwa kaka yake mara moja.

Jumamosi, 8 Machi

Oda imeingia jana alasiri, sikuiona hadi leo saa nne.

*Kanuni za Ufugaji wa Nyuki*. Nakala moja. Imekwisha lipiwa. Mpelekee: Duka la Fremu, ng'ambo ya barabara.

Nimekaa chini kwenye ngazi. Ngazi ikalalamika, nikailalamikia pia.

Shemeji! Mtu niliyemshindilia chakula kila sikukuu miaka thelathini. Anakitaka cha nini? Hasomi hata maelekezo ya gundi. Atakitia fremu, atakitundika dirishani kwake, na kila asubuhi nikifungua mlango nitakiona kikinitazama kutoka ng'ambo.

Nimetafuta kitufe cha kufuta oda. Binti hakuniwekea. Nimefungua ukurasa wa masharti ya duka, labda pana upenyo. Ukurasa huo niliuandika mwenyewe baada ya ile riwaya ya mwalimu: "Kilichouzwa kimeuzwa. Neno la mchapaji likishachapwa halifutiki." Nilijisifu kwa sentensi hiyo wiki nzima.

Basi hila. Rafu ya nne kuna *Ufugaji Bora wa Kuku wa Mayai*. Ukubwa uleule, unene uleule. Nimekifunga kwa karatasi mbili na uzi, mafundo sita, mtu achoke kufungua. Nimevuka, nimekiweka mezani kwa Shemeji mbele ya wateja wawili, nikageuka kuondoka.

Mkasi anao. Ni fundi. Mafundo sita yameisha kwa pigo moja.

Akasoma jalada. Akanitazama. Akawatazama wateja.

"Shemeji, nyuki wako wameanza kutaga?"

Wateja wamecheka hadi mmoja ameegemea kioo. Nimesema ni kosa la ghala. Shemeji akasema sina ghala, nina ngazi. Kisha akanirudishia kuku wangu, akasema kwa sauti ya chini kidogo kwamba mwenye oda anangoja nyuki, na hana haraka.

Jumapili, 9 Machi

Duka limefungwa. Nimekitoa Nyuki kabatini.

Karatasi imekuwa rangi ya chai. Jalada limepasuka pembeni, nikalitia gundi mwaka tuliofika hapa. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa, kuna herufi *n* niliyoipanga kichwa chini. Niliigundua kurasa zikiwa zimekwisha chapwa. Nikampelekea msimamizi. Alikuwa mtu mwenye mikono myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko. Akatazama, akanirudishia.

"Acha," akasema. "Nyuki hawasomi."

Kile kiwanda hakipo tena. Nilisikia kwamba herufi za madini ya risasi ziliyeyushwa zote. Msimamizi hayupo. Mji umebadilishwa jina, na hilo jipya ulimi wangu unalikataa. Tulipoondoka tulikuwa na begi moja, na kati ya vyote nilivyowahi kuvipanga, hiki ndicho kilichotoka nami. Hata kosa lake ni langu. Siku nikiulizwa nilikuwa nani kule, sina karatasi nyingine ya kuonyesha.

Nimefikiria kukificha na kusema kimeibwa. Nimefikiria kusema kimeliwa na mchwa. Kila uongo nilioupanga, ulisomeka vibaya.

Mke wangu ameuliza nitafanya nini. Nimesema nitakipeleka kesho. Neno limechapwa. Ameitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Nilitarajia walau pole.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekipeleka. Nimekifunga vizuri, fundo moja, la haki. Barabara ile ina upana wa hatua kumi na nne. Leo niliona kama nimetembea siku nzima.

Shemeji hakukipokea. Aliinua mikono kama mtu asiye na hatia, akasema oda ilitoka kwenye kompyuta yake, ni kweli, ila vidole havikuwa vyake. Kisha akaita kuelekea nyuma ya duka.

Akatoka mke wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako! Alikuwa na risiti, imekunjwa mara nne, kwenye pindo la khanga.

"Nilikuambia nyuki wana kitufe," akasema. "Ungeniamini, ungekitoa. Hukuniamini, nikakinunua kabla hajakinunua mtu tusiyemjua. Mume wangu, kilikuwa kinauzwa kwa ile bei yako ya 1."

Akiniita mume wangu, najua kesi imekwisha.

Nikauliza kwa nini hakuniambia Ijumaa ileile, akaniacha nikahangaika siku tatu na kuku. Akasema kuku hakuwatarajia. Hao alipewa kama nyongeza. Shemeji akageuka ukutani kufuta fremu ambayo haikuwa na vumbi.

Nikanyoosha mkono nikichukue kitabu, tuende nyumbani. Akakishika yeye. Alisema masharti yameandikwa na mchapaji mwenyewe. Kilichouzwa kimeuzwa. Kuanzia leo kitabu ni chake, kitakaa ndani ya sanduku lake, ufunguo utakuwa wake. Nitakisoma nikitaka, mikono ikiwa imenawa, nikiwa nimekaa.

Nikamwambia lakini nilikitoa kule mimi. Nilikibeba mimi.

"Begi lilikuwa moja," akasema. "Kitabu kiliingia kwa sababu viatu vyangu vilitoka. Hukuwahi kuuliza kwa nini nilifika na ndara."

Sikujua. Miaka yote hii, sikujua. Shemeji aliacha kufuta fremu.

Tumevuka barabara pamoja, yeye amebeba kitabu, mimi nimebeba uzi.

Jumatano, 12 Machi

Binti amerudi siku moja mapema. Anasema ni kazi iliyoisha haraka. Mama yake anasema ni simu aliyompigia.

Aliketi, akatazama msimbo, akaweka mkono kinywani. Kisha akabonyeza Rejesha. Chai yangu haikuwa hata imepoa, duka likarudi kama lilivyokuwa. Aya zangu tatu zimepotea. Ya pili! Ameniambia niziandike tena, kwamba zitakuwa fupi zaidi na nzuri zaidi. Hakuzisoma, anajuaje?

Nyuki amewaondoa dukani kabisa, amewaweka kwenye ukurasa unaoeleza sisi ni nani. Picha ya jalada na mstari mmoja: mali ya Mama. Nimemsimulia habari ya msimamizi na ile *n* iliyolala kichwa chini, apate kuelewa kwamba katika ufundi wetu kosa dogo husamehewa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimwonyeshe ukurasa wenyewe. Mama yake akatufungulia sanduku. Binti akapitisha kidole juu ya ile herufi.

"Nyuki hawasomi, Baba," akasema. "Chatu anasoma. Anasoma hata palipo patupu."

Nimemwambia nimeelewa sasa. Kabisa. Nimejifunza.

Amebadilisha nenosiri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwomba mke wangu kitabu, nipige picha mpya ya jalada, ile ya Binti imepinda. Amekataa. Ufunguo siku hizi anauvaa shingoni. Bahasha mpya sijaiona popote, hata ndani ya unga.

Nilikuwa nimekaa bure mlangoni Shemeji aliponiita. Uso umemshuka. Picha zake zimekwama. Ya tatu imesimama katikati ya kioo, nusu imeingia, nusu imetoka. Fundi wake yuko likizo. Akaniuliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, kama yale mambo ya chatu nimeshayazoea.

Nikamwambia mtu aliyeumwa na nyoka ndiye daktari wa nyoka.

Akanipisha kwenye kiti chake. Akanipa nenosiri, bila hata bahasha. Nimefungua folda, na ndani nikamkuta chatu yuleyule! Nafasi nne, nafasi nane, nafasi nne. Na mstari mmoja uliosogea nafasi kumi na mbili peke yake, jamani, ukielea katikati ya ukurasa kama mgeni asiyealikwa.

Nimekuwa na kiasi. Sikunyoosha msimbo wote. Najua sasa kwamba nafasi tupu zina kazi yake. Nimeunyoosha huo mmoja tu. Na wa chini yake, usije ukabaki mpweke. Na kumi na mitano iliyofuata, ambayo baada ya hapo ilionekana kama imepinda.

Picha haitembei tena. Kizunguzungu kimekwisha. Nimemshika Shemeji bega, nikavuka kurudi nyumbani.

Sasa hivi amesimama ng'ambo, kompyuta mikononi, kioo kimegeuzwa huku. Ukurasa ni ule ule: Mweupe pe. Anauliza picha zimekwenda wapi.

Nimemwambia zinapumzika.